KIDARI KISICHO NA MKUKU
Mbuni, rea, na swali la mwanafunzi wa Kigoma

Miezi michache iliyopita nilipata barua kutoka kwa mwalimu wa Bayolojia wa shule moja ya sekondari mkoani Kigoma. Katika jaribio la kidato cha tatu alikuwa ameuliza: "Eleza kwa nini mbuni haruki." Mwanafunzi mmoja akajibu kwamba mababu wa mbuni walizoea kutembea ardhini, kwa kuwa hawakuzitumia mbawa zao, mbawa zikadhoofika, wakawarithisha watoto wao udhaifu huo, na hivyo kizazi hata kizazi, mpaka leo mbuni amebaki nazo kama pambo. Mwalimu akampa alama zote tano. Mwalimu mwenzake akapinga, akasema jibu lile halistahili hata alama moja. Ubishi ukavuka ukuta wa chumba cha walimu ukaingia darasani, na yule mwanafunzi, badala ya kunyamaza, akaongeza swali la pili: "Na kwa nini huku kwetu hakuna mbuni?" Barua ilimalizika kwa kuniomba niwe mwamuzi.

Nakiri kwamba mwamuzi mwenyewe ana doa. Nilizaliwa Ujiji, na nilipokuwa kidato cha tatu niliandika jibu lile lile, karibu neno kwa neno, nikatiwa alama ya vema. Nililiamini kwa miaka mingi. Nilikwenda nalo ng'ambo nilikopelekwa kusoma, na huko profesa aliyenisimamia alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Kifaranga aliyemo ndani ya yai alipataje habari kwamba baba yake alikuwa mvivu wa kuruka?" Sikuwa na jibu. Makala haya ni jibu nililochelewa kulipata.

Tuanze na mifupa, maana mifupa haina ubishi. Chukua kuku aliyekwisha kuliwa, ukautazame mfupa wa kidari chake. Katikati yake umesimama ubapa mwembamba unaoshuka kuanzia mbele hadi nyuma. Wana wa pwani ya Ziwa Tanganyika hawana haja ya kuelezwa ubapa ule unafanana na nini. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikishinda ufukoni kuwatazama mafundi wa maboti. Kazi huanza kwa kulaza mkuku, yaani ule mti mrefu wa chini kabisa, kisha mataruma hupandishwa kutoka hapo kushoto na kulia. Kidari cha ndege arukaye kina mkuku wa namna hiyo. Kazi yake ni kushikilia misuli mikubwa inayovuta mbawa chini. Bila mkuku, misuli hiyo haina mahali pa kutosha pa kujishikiza. Katika baadhi ya ndege misuli hiyo huweza kukaribia robo ya uzito wote wa mwili.

Kidari cha mbuni hakina mkuku. Ni kipana na cha bapa, kama chelezo. Hata wataalamu wa Ulaya waliona hivyo hivyo: jina la kisayansi wanalolitumia kwa kundi la ndege hawa wakubwa wasioruka limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya chelezo. Katika kundi hilo wamo mbuni wa Afrika, rea wa Amerika ya Kusini, emu wa Australia, kasuari wa Australia na Guinea Mpya, na kiwi wa New Zealand. Wamo pia wawili waliokwisha kutoweka duniani, yaani moa wa New Zealand na ndege-tembo wa Madagaska, ambaye yai lake lilikuwa na urefu wa sentimita 30 hivi.

Mbuni ndiye mkubwa kuliko ndege wote walio hai. Dume huweza kufikia kimo cha zaidi ya meta mbili na nusu na uzito wa zaidi ya kilo 130. Hukimbia hadi kilometa 70 kwa saa. Mguu wake una vidole viwili tu, ambapo ndege wengi wana vinne na rea ana vitatu. Jicho lake lina kipenyo cha sentimita tano hivi, nalo ni kubwa kuliko jicho la mnyama mwingine yeyote wa nchi kavu mwenye uti wa mgongo. Mbawa zake si pambo, kama alivyodhani mwanafunzi wetu. Huzitumia kujisawazisha anapokata kona akiwa mbioni, huzitandaza anapomchumbia jike, na huwafunika nazo vifaranga jua linapokuwa kali. Lakini nyoya lake halina vile vikulabu vidogo vinavyoshikanisha nyuzi za unyoya wa ndege arukaye, na kwa hiyo ni laini na limetawanyika. Upepo hupita katikati yake.

Sasa tulikabili swali lenyewe. Kuruka ni kazi ya gharama kubwa. Misuli ile mikubwa lazima ijengwe kwa chakula na kutunzwa kwa chakula, hata siku ambayo ndege haruki. Ndege aliyezungukwa na maadui, au anayekwenda mbali kutafuta riziki, hulipa gharama hiyo kwa sababu faida yake ni uhai. Je, akifika mahali ambapo kuruka hakumpi faida? Katika kila kizazi vifaranga hawafanani. Wengine huzaliwa na misuli mikubwa kidogo ya kidari, wengine midogo kidogo, na tofauti hizi hutokana na vinasaba walivyorithi. Palipo na maadui, wenye misuli midogo huliwa kwanza. Pasipo na maadui, wao ndio wenye akiba, kwa kuwa chakula ambacho wenzao wanakitumia kujenga misuli, wao wanakitumia kukuza miguu, kutaga mayai na kustahimili kiangazi. Huacha watoto wengi zaidi, na watoto hao hurithi vinasaba hivyo. Huu ndio uteuzi asilia. Hakuna mbawa iliyodhoofika kwa uvivu wa mwenyewe. Ukimfunga kuku mbawa tangu utotoni, misuli yake itasinyaa kweli, lakini vifaranga wake watazaliwa wazima kabisa, maana kamba uliyomfunga haikuandikwa katika vinasaba vyake.

Kwamba jambo hili hutokea, na kwamba laweza kutokea upesi kwa hesabu za wanajiolojia, tunao ushahidi karibu na kwetu, katika Bahari ya Hindi. Kisiwa cha Aldabra, kilicho katika nchi ya Shelisheli, kina ndege mdogo wa jamii ya kukuziwa ambaye haruki. Ndugu zake wa Madagaska wanaruka. Kiasi cha miaka 136,000 iliyopita bahari ilikifunika kisiwa hicho chote, na kila kiumbe cha nchi kavu kilichokuwapo kikaangamia. Maji yalipopungua kisiwa kikaibuka tena, na kukuziwa wa Madagaska wakaruka wakafika. Mwaka 2019 wataalamu Julian Hume na David Martill walieleza kuwa visukuku vilivyoko Aldabra vyaonyesha ndege wasioruka kabla ya gharika ile, na tena baada yake. Ukoo mmoja, kisiwa kimoja, na mara mbili kuruka kukaachwa! Hakika hapakuwa na fisi wala chui kisiwani.

Mwanafunzi makini atadaka neno hapo. Serengeti si Aldabra. Kuna simba, chui, duma, fisi na mbwa-mwitu. Mbuni aliwezaje kuacha kuruka katikati ya hatari zote hizo? Maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba hakuacha wakati huo. Madainosari wakubwa walitoweka kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita, na kwa muda mrefu baada yao ardhi ilikuwa na nafasi ya walaji wakubwa wa majani, huku wanyama wakali tunaowajua leo wakiwa hawajatokea. Mababu wa ndege hawa walikuwa wadogo na waliweza kuruka. Visukuku vya ndege wa kale wa ukoo huu wenye uwezo wa kuruka vimepatikana Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Wengine wakashuka ardhini, wakanenepa, wakarefuka. Simba alipotokea alimkuta mbuni tayari ana miguu.

Hapa yafaa tuvuke bahari, twende kwa rea, kwa sababu yeye ndiye aliyeufungua mjadala wenyewe. Huko Amerika ya Kusini wako rea wa aina mbili: mkubwa, aishiye nyanda za kaskazini zaidi, na mdogo, aishiye Patagonia na nyanda za juu za milima ya Andes. Rea mdogo ana uzito usiozidi sana kilo 25. Charles Darwin alipopita huko katika safari ya meli ya Beagle, wachunga ng'ombe wa kando ya mto Rio Negro walimweleza habari za ndege huyu. Alimtafuta kwa muda mrefu asimpate. Mwezi Januari 1834, huko Port Desire, mchoraji wa safari, Conrad Martens, alimpiga risasi ndege ambaye wote walimdhania kuwa ni rea mkubwa ambaye hajakomaa. Wakampika, wakamla. Chakula kikiwa kimekwisha ndipo Darwin alipokumbuka maneno ya wale wachungaji! Kwa bahati kichwa, shingo, miguu, mbawa na sehemu ya ngozi vilikuwa havijatupwa; vikakusanywa vikapelekwa London, na mwaka 1837 John Gould akatangaza kuwa ni spishi ya peke yake, akampa jina la Darwin. Jina hilo halikudumu, kwani Mfaransa Alcide d'Orbigny alikuwa amemtangulia kwa kumwandika mwaka 1834, na katika elimu ya majina aliyetangulia ndiye mwenye haki. Nimewahi kuwasimulia wanafunzi wangu kisa hiki kwa kuwaonya kwamba sampuli haiwekwi jikoni.

Lakini jambo lililomsumbua Darwin halikuwa jina. Alijiuliza kwa nini rea mmoja akomee hapa na mwingine aanzie pale, ilhali wanafanana hivi. Kama kila aina iliwekwa mahali pake tangu mwanzo, mbona aina mbili zinazopakana ni ndugu? Swali hilo ni miongoni mwa maswali yaliyompeleka kwenye nadharia ya mageuko. Nasi tunalo swali hilo hilo Afrika ya Mashariki. Mbuni wa Tanzania ya kaskazini na Kenya ya kusini ana shingo na mapaja yenye rangi ya waridi. Wa kaskazini-mashariki ya Kenya, Somalia na Ethiopia ana shingo ya rangi ya samawati iliyochanganyika na kijivu. Zamani walihesabiwa kuwa spishi moja. Siku hizi wataalamu wengi wanawahesabu kuwa ni wawili.

Je, rea na mbuni ni ndugu wa karibu? Vitabu vingi vilivyomo katika maktaba za shule zetu vyasema hivi: zamani mabara ya kusini yalikuwa bara moja kubwa, Gondwana, babu mmoja asiyeruka aliishi humo, bara lilipopasuka, kila kipande kikaondoka na ndege wake. Maelezo haya ni mazuri, na mimi mwenyewe niliyafundisha. Kwa bahati mbaya hayakupita mtihani wa vinasaba. Mwaka 2014 ilichapishwa kazi iliyosoma vinasaba vya mifupa ya ndege-tembo wa Madagaska, ikaonekana kuwa ndugu yake wa karibu kuliko wote si mbuni, jirani yake ng'ambo ya mlango wa bahari, bali ni kiwi wa New Zealand. Nchi hizo mbili hazikupata kupakana kwa namna ambayo ingewawezesha ndege wa miguu kuvuka. Hapana budi babu yao aliruka. Tena yuko ndege wa Amerika aitwaye tinamu, mwenye mkuku kidarini na mwenye kuruka; vinasaba vyamweka ndani kabisa ya ukoo huu, karibu na moa. Kama kuruka kuliachwa mara moja tu, kwa babu wa wote, tinamu asingekuwa anaruka. Basi kuruka kuliachwa mara kadhaa, kila bara kwa wakati wake. Mbuni na rea wanafanana kwa kuwa maisha ya nyika iliyo wazi yamewachonga kwa patasi moja, na katika ukoo wote mbuni ndiye aliyejitenga kwanza.

Sasa swali la pili la mwanafunzi: kwa nini Kigoma hakuna mbuni? Panda treni Kigoma uelekee Uvinza na Malagarasi, utazame dirishani. Utaona miombo, saa baada ya saa. Mvua ya mkoa huu hufikia kiasi cha milimita 1000 kwa mwaka, na baada ya mvua nyasi husimama kumpita mtu. Silaha za mbuni ni mbili, jicho na mguu. Jicho lililoinuliwa juu ya shingo ndefu lamfaa anayeona mbali. Katikati ya miti na nyasi ndefu chui aweza kumkaribia bila kuonekana. Mguu wa mbio wahitaji uwanja. Kiota chake nacho ni shimo la kina kifupi tu, lililoparuliwa katika ardhi iliyo wazi. Kwa hiyo makao yake makuu nchini ni nyika kavu zaidi za kaskazini, kama vile Serengeti, Ngorongoro, Tarangire na nchi ya Wamaasai kwa jumla. Hakuzuiwa na ukuta; amezuiwa na nyasi.

Kiota hicho kina mambo ya ajabu, na naomba nafasi nikieleze kidogo. Brian Bertram aliwachunguza mbuni wa Tsavo Magharibi, nchini Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970. Aliona kuwa dume hutengeneza kiota, jike mkuu hutaga humo, na majike wengine huja, hutaga, kisha huenda zao. Mayai yaweza kufika 40, lakini mwili mmoja huweza kuatamia kama 20 tu. Jike mkuu huyasukuma ya ziada nje ya duara, yakaharibika au yakaliwa. Bertram alipoyatia mayai alama aligundua kuwa yanayosukumwa nje huwa ni ya majike wengine. Ya kwake mwenyewe huyabakiza katikati. Anayatambua! Kwa nini basi asiwafukuze wageni tangu mwanzo? Kwa sababu mayai ya pembezoni ni ngao: mnyama akija kula, huenda akaanza na hayo. Mchana huatamia jike mwenye rangi ya udongo, usiku huatamia dume mweusi, kwa muda wa majuma sita hivi. Rea dume huatamia peke yake, mchana na usiku. Ama ile habari ya mbuni kuficha kichwa mchangani, haina msingi. Anayeonekana kwa mbali hivyo ameinamia mayai akiyageuza, au amelaza shingo chini ili asionekane.

Yai la mbuni huwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi, na gamba lake lina unene wa karibu milimita mbili. Hapa Kigoma inaingia katika kisa kwa njia isiyotarajiwa. Jane Goodall alifika Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, mwezi Julai 1960, na mwaka ule ule akamwona sokwe akitumia kijiti kuvulia mchwa kichuguuni. Wakati huo ilisadikiwa kuwa binadamu peke yake ndiye mwenye zana. Mwaka 1966 yeye na mumewe, Hugo van Lawick, wakiwa Serengeti, waliwaona tumbusi wakubwa wakishindwa kulivunja yai la mbuni kwa midomo yao. Kisha wakaja tumbusi wa Misri, walio wadogo kuliko hao. Wakaokota mawe kwa mdomo, wakainua kichwa, wakayavurumisha juu ya yai hadi likapasuka. Habari hiyo ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka huo huo. Tumbusi huyo sasa ni miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka duniani. Goodall mwenyewe alifariki mwezi Oktoba 2025.

Binadamu naye alilipenda gamba hilo. Mabaki ya magamba ya mayai ya mbuni wa kale yamepatikana Laetoli, mahali zilipo nyayo zenye umri wa miaka milioni 3.6. Baadaye sana watu walianza kuyatoboa wakatengeneza shanga. Shanga za namna hiyo zimechimbuliwa Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, na Kisese, wilayani Kondoa. Uchunguzi uliochapishwa na Jennifer Miller na Yiming Wang katika Nature, uliolinganisha zaidi ya shanga 1,500 za Afrika ya Mashariki na Kusini, waonyesha kuwa kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita shanga za pande hizo mbili zilifanana mno, dalili ya watu waliokuwa na mawasiliano. Wazee wa Ujiji, ambako katika karne ya 19 sokoni watu walinunua samaki na mahindi kwa shanga za kioo zilizoitwa sofi, wasingeshangaa kusikia kuwa shanga huenda mbali.

Nirudi kwa walimu wangu wawili. Mimi ningempa mwanafunzi alama mbili kati ya tano: moja kwa kutambua kuwa mababu wa mbuni waliruka, na moja kwa kutambua kuwa mabadiliko yalichukua vizazi vingi. Tatu ningemnyima kwa sababu hakueleza ni nani aliyeacha watoto wengi, na kwa nini. Swali lake la pili ningelipa alama zote.

Kwa mazoezi ya darasani hakuna haja ya kumtafuta mbuni wala yai lake. Kuchukua yai la mwituni bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Nunueni kuku, bata na njiwa. Pimeni uzito wa kila mmoja, kisha uzito wa misuli ya kidari chake, na mkuku wake una kina cha milimita ngapi. Nani ana misuli mikubwa kwa kulinganisha na mwili wake, na je, ndiye arukaye vizuri zaidi? Kisha, siku ya mapumziko, nendeni kwenye miamba ya ufuko wa ziwa mkawatazame samaki wadogo wa rangi wanaokula mwani juu ya mawe, wale ambao wataalamu huwaita Tropheus. Andikeni rangi zao. Waulizeni wavuvi rangi zao huwaje katika miamba inayofuata, ng'ambo ya ghuba yenye mchanga, ambayo samaki wa miamba hapendi kuivuka. Mkiona tofauti, jiulizeni swali alilojiuliza Darwin juu ya wale rea wawili, na majibu yenu mniletee kwa anwani ya jarida hili.